Mbuzi wa Kumtakasa Mpishi

Ndugu yangu alipokwenda vitani, jambo lililotuaibisha kuliko yote ni kwamba hakulipwa. Watu wa Emali wanaelewa mtu kwenda popote duniani kwa ajili ya mshahara. Tunao waliokwenda kulinda majumba Uarabuni, tunao walioendesha malori Sudan Kusini huku risasi zikilia, na wakirudi wanajenga nyumba ya mawe, kisha kanisa linawaita mbele wapigiwe makofi. Lakini kijana wa Kikamba, mtoto wa mzee wa kanisa, aliyekulia kwenye shamba la ndengu, kuvuka mpaka na kujitolea bure katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Somalia, ambako hana ukoo wala shamba? Jambo hilo halikuwa na mahali pa kuwekwa. Kwa hiyo kila mtu aliliweka alipotaka. Wengine walisema amebadili dini. Wengine walikuwa na neno baya zaidi, na nilipopita walilimeza.

Mimi nauza nafaka Emali, si mbali na stesheni ya reli. Mtu akisubiri kupimiwa gorogoro ya kunde lazima aseme kitu, na mimi lazima nisikie. Nina mdomo, sikatai. Mwaka ule niliutumia sana. Mteja akianza kuuliza habari za ndugu yangu kwa sauti ile ya huruma ya uongo, nilimuuliza habari za mwanawe aliyefukuzwa chuo, akachukua kunde zake akaenda. Nikibaki peke yangu ndipo aibu ilipoketi na mimi dukani.

Kujitolea kwake kulikuwa na sababu, ingawa mimi sikuiona kuwa sababu. Alikuwa akifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Msomali aliyehamia Emali zamani, wakipakia mbuzi na ng'ombe kwenye malori ya Nairobi. Mfanyabiashara huyo alikuwa na mwana wa rika moja na ndugu yangu. Hao wawili walikuwa wakila sahani moja tangu wakiwa wanafukuza ndama sokoni. Vita vilipofika kwenye mji wa kina yule rafiki, ng'ambo ya mpaka, wanaume wa pale walijikusanya kulinda visima vyao. Rafiki akaenda. Ndugu yangu akatuambia anasindikiza mifugo Garissa, naye akaenda. Simu yake iliyofuata ilitoka mbali, ikikatika katika, na kitu pekee nilichokisikia vizuri ni, "Dada, niangalizie mtoto."

Mtoto ni msichana. Amepewa jina la marehemu mama yetu, kama desturi yetu ilivyo, na kwa hiyo ndugu yangu humwita mwaitu, yaani mama yangu. Mimi pia humwita hivyo. Usicheke, ukimwita mtoto mama yako kila siku unajikuta unamwogopa kidogo. Mama yake mzazi ameachana na ndugu yangu na anafanya kazi Athi River, kwa hiyo mtoto alikuwa akiishi na baba yake hapa Emali, wawili tu, na ndugu yangu ndiye aliyekuwa akimsuka nywele, vibaya. Habari za vita ziliposambaa, nyanya yake wa upande wa mama alitoka Matiliku akaja kumchukua. Hakufanya fujo. Alikunja nguo za mtoto kwenye begi la shule huku mimi nikimtazama.

Mvua mbili zilipita. Kisha akarudi, amekonda, na mikono yake ina makovu kuanzia kwenye vifundo hadi karibu na viwiko. Maafisa walimhoji, wakaridhika na majibu yake, wakamwachilia. Nilimpeleka nyumbani kwa baba, upande wa Sultan Hamud. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi. Hakuinuka. Alimtazama mwanawe, akamuuliza kwa Kikamba kama ameua mtu.

"Hapana, baba," ndugu yangu akasema. "Nilikuwa mpishi."

"Nawa mikono, ule," baba akasema.

Basi. Hilo ndilo lililokuwa baraza lote. Nilikasirika. Nilidhani mzee anakwepa jambo, kwamba anaogopa wenzake kanisani na ameamua kulifunika kwa sufuria ya isyo. Isyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula chetu cha kila siku, na ndicho tulichokula siku hiyo.

Jioni hiyo kabla jua halijazama nilimkalisha ndugu yangu kitako nikamtaka anieleze ukweli. Alinieleza. Alikuwa amekwenda kupigana, hilo hakulificha. Walimpa bunduki ajaribu, akapiga kila kitu isipokuwa kile alichoonyeshwa, na mkubwa wao akasema huyu tukimweka mstari wa mbele atatumaliza sisi. Wakamtuma jikoni. Hata jikoni alikuwa nusu mtu, kwa sababu si Mwislamu na hawezi kuwachinjia. Wengine walichinja, yeye akashika sufuria. Siku ya kwanza aliwapikia isyo. Wanaume walizungukia sufuria wakaitazama, mmoja akauliza kwa heshima kama hicho ni cha punda.

"Nikajifunza kupika anjera, mikate yao ya maji," akasema. "Sasa najua kupika anjera kuliko mwanamke yeyote hapa Emali."

"Na hayo makovu?"

"Mafuta. Uji. Kuni. Dada, kupikia watu wengi hivyo ni vita yake."

Alicheka, nikacheka. Lakini sikumwamini. Nasema hivi wazi kwa sababu kila kilichofuata kilitoka hapo: sikumwamini hata kidogo. Nilitazama yale makovu nikaona risasi. Na kuna kitu kingine kibaya zaidi. Kama ningetakiwa kuchagua, wa kuogopwa au wa kuchekwa, ningechagua wa kuogopwa. Nilikuwa nimebeba aibu ya vita mwaka mzima na zaidi, nimegombana na nusu ya soko, halafu nije niwaambie watu kwamba alikuwa akikoroga uji? Wateja walipouliza, nilishusha sauti nikasema, "Ameona mengi." Waliitikia kwa vichwa na kunyamaza, na sitakudanganya, nilipenda jinsi walivyonyamaza.

Yeye hakutaka chochote ila mtoto. Alikodi tena chumba kilekile, akanunua kitanda kidogo, na siku ya kwanza tulipokwenda Matiliku kumwomba nyanya yake amrudishe alivaa shati la kuazima. Yule mama alitukaribisha vizuri. Alitupa chai na viazi vitamu, akamwacha mtoto aketi karibu na baba yake, lakini ndugu yangu alipomega kiazi kumpa, yule mama alinyoosha mkono haraka akakichukua.

"Msinielewe vibaya," akaniambia mimi, si yeye. "Sisi hatujui alifanya nini huko. Labda hakufanya kitu. Lakini mtu ametoka kwa vita hawezi kumegea mtoto chakula hivi hivi. Wazee wetu walikuwa na njia yao."

Ni mama wa kanisa, anaongoza akina mama wenzake katika maombi, na alilitamka neno lenyewe kwa sauti ndogo kabisa: ng'ondu. Hiyo ni dawa ya utakaso ya zamani, majani yanayochanganywa na vitu vya tumboni mwa mbuzi, na mtu aliyemwaga damu alinyunyiziwa kabla ya kuruhusiwa kula na wenzake. Kanisa lilikwisha kuipiga marufuku kabla mimi sijazaliwa. Kila mtu anajua ni nani bado anaifanya.

"Afanyiwe, mjomba wa mtoto awepo aone," akasema, "kisha mtoto nitamleta mimi mwenyewe."

Ndugu yangu alikataa. Tulipokuwa tukisubiri gari pale sokoni Matiliku aliniambia, "Dada, mimi sikuua mtu. Nitatakaswa nini? Moshi?"

Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia ni majani na maji tu, hata kama hana cha kutakaswa hayatamchubua. Nilimwambia mwenye shida ndiye anayeinama. Nilimuuliza anataka nini, kuwa na haki au kuwa na mtoto. Niliendelea hivyo wiki nzima, nikipita chumbani kwake kila nikifunga duka, mpaka akachoka nami. Baba tulipomgusia alisema, "Kwa nini?" akaendelea na kazi yake, na mimi nikaona ni ukaidi wa wazee wa kanisa.

Tulifanyia Kitui, ng'ambo ya mto Athi, kwa mzee mmoja wa ukoo wa mama, ili habari zisifike kwa baba. Nilidhani nitakuta mtu wa kutisha. Nilikuta mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa na haraka kwa sababu fundi alikuwa akija kumzibia tangi la maji. Mbuzi nilimnunua mimi. Mjomba wa mtoto alikuja na pikipiki kutoka Matiliku na kusimama kando na helmeti mkononi, mtu mpole, haya imemjaa, akifukuza nzi.

Ilikuwa adhuhuri, nyuma ya zizi. Mbuzi alichinjwa, majani yakaletwa, kila kitu kikawa tayari. Kisha yule mzee akamgeukia ndugu yangu na kuuliza, kama mtu anayeuliza umekuja na nini:

"Ni mtu mmoja ama ni wengi?"

Hatukuwa tumelijadili hilo. Katika maneno yote niliyomwaga wiki ile sikuwa nimefikiri kwamba mtu angeuliza. Ndugu yangu alinitazama. Sura yake ilikuwa ileile ya utotoni, akiulizwa darasani kitu asichokijua na mimi nikiwa dawati la nyuma. Nilimpa ishara kwa kidevu. Jibu, yaishe.

"Mmoja," akasema.

Mjomba wa mtoto aliacha kufukuza nzi.

Nilirudi Emali nikiwa na furaha. Nilikuwa nimemaliza kazi. Nilifanya mzaha kwamba sasa ndugu yangu ni msafi kuliko mchungaji, na yeye alitabasamu kidogo akitazama dirishani. Jumamosi iliyofuata alifagia chumba, akatandika kile kitanda, akapika anjera kwa sababu alikuwa amemwahidi mtoto kwenye simu. Alipika nyingi mno, za kulisha kikosi. Tulingoja. Mchana ukapita. Nikapiga simu Matiliku, haikushikwa. Jumamosi ya pili alipika tena.

Siku hiyo ya pili ndipo nilipomuuliza kwa nini alijibu haraka vile, mmoja, wakati angeweza kusema hakuna. Alikuwa akifunika sahani ya mtoto kwa sahani nyingine.

"Si ulinionyesha nijibu," akasema. Kisha akasema, "Nilimfikiria yeye."

Alimaanisha rafiki yake. Nilijua amekufa huko. Sikuwa nimeuliza amekufaje, na naona aibu kwamba sikuuliza. Alikufa akibeba chakula. Wanaume waliokuwa kwenye kisima cha mbali walikuwa na njaa, sufuria ilikuwa tayari, rafiki akasema atawapelekea. Hakufika. Ndugu yangu alisema kama angechelewa kidogo na moto, kama kuni zingekuwa mbichi, mwenzake angekuwa hai. "Chakula kilikuwa changu," akasema. "Mimi ndiye nilimpa sufuria." Nilimwambia huko si kuua. Akasema anajua.

Hata hapo sikuwa na hakika. Ndivyo moyo ulivyo mgumu. Nilisadiki habari za rafiki na bado nikajiambia kwamba huenda kulikuwa na mengine. Aliyeniondolea shaka ni baba wa yule rafiki, mfanyabiashara wa mifugo, alipokuja dukani kununua mahindi yaliyovunjika ya kulishia mbuzi wake. Tangu afiwe nilikuwa nikimkwepa. Nilimpa pole iliyochelewa sana, nikikazana na mizani ili nisimtazame usoni.

"Mama, ndugu yako alilisha watoto wetu," akaniambia. "Mwanangu alikuwa ananipigia simu akilalamika. Kila simu, malalamiko. Baba, huyu Mkamba ametupikia ile maneno yao ya mahindi na maharagwe. Baba, huyu Mkamba ametia chumvi mara mbili." Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, akaniomba nimfungie gunia vizuri lisimwagike.

Alipoondoka nilifunga duka. Watu walikuwa wakisubiri, nikawaambia waende kwa jirani.

Nilikwenda kwanza kwa baba, sijui kwa nini. Labda nilitaka nigombezwe. Habari za Kitui zilikuwa zimemfikia muda mrefu, kupitia kanisani, njia ileile iliyozifikisha kwa kila mtu. Wenzake walikuwa wamemwomba apumzike kidogo uzee wa kanisa. Hakuwa ameniambia. Hata wakati huo hakupandisha sauti.

"Mimi nilimuuliza mara moja tu," akasema. "Akanijibu. Wewe ulitaka jibu gani?"

Kisha nikaenda Matiliku. Nilijipanga njia nzima. Nilimwambia nyanya ya mtoto kila kitu, bunduki iliyokosa, isyo ya punda, anjera, makovu ya mafuta, simu za yule kijana kwa baba yake. Nilimwambia hakuua mtu, hakuwahi, alikuwa mpishi, na lile neno la mmoja mimi ndiye niliyelitaka kutoka mdomoni mwake. Nililia, mimi ambaye silii mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, bila uadui wowote. Nadhani alitaka sana kuniamini.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa nasema labda. Labda aliua, labda hakuua. Ndiyo nikasema afanyiwe, roho yangu itulie. Kijana wangu akaenda, akasikia kwa masikio yake, mmoja." Akavuta birika karibu. "Kama hakuua mtu, sasa ile mbuzi ilikuwa ya nini?"

Nilifungua mdomo. Mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno sokoni. Ningesema nini? Kwamba mbuzi alikuwa wangu? Kwamba nilimchinja kwa sababu dada mtu, aliyemzidi umri na akili, aliyekula naye chungu kimoja, hakuweza kulisadiki jambo ambalo baba yetu alilisadiki kwa swali moja? Nilitazama kikombe changu. Alinijazia chai.

Alimruhusu mtoto anisindikize hadi barabarani. Amerefuka, na amesukwa vizuri sasa, mistari imenyooka. Tulitembea mpaka karibu na maduka, kisha akaniuliza bila kunitazama:

"Shangazi, huyo mtu mmoja alikuwa nani?"

"Hakuna mtu, mwaitu," nikasema. "Baba yako hakuua mtu."

Alifikiri. Alikuwa akivuta mguu mmoja mchangani, akichora kitu.

"Lakini mwenyewe alisema," akasema. "Baba hasemi uongo."

Gari likaja, nikapanda. Jumamosi ndugu yangu alipika kama kawaida. Aliniuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia amerefuka, anasukwa vizuri. Alifurahi kusikia hivyo. Kisha akaweka sahani tatu mezani, akaifunika ya tatu, tukaketi tukaanza kula.